Doug Harvey: Mcheza kwao aliyechelewa kutunzwa

WAHENGA walinena kwamba mcheza kwao hutunzwa. Lakini maisha ya Douglas Norman Harvey, beki wa mpira wa magongo wa barafuni aliyezaliwa, akatamba na hatimaye akafia katika mji mmoja wa Montreal nchini Kanada, yanaonesha kwamba tuzo hiyo wakati mwingine huchelewa mno, na inapofika humkuta mchezaji amekwishachoka.

Harvey, ambaye wengi walizoea kumwita Doug, alifariki dunia Desemba 26, 1989, wiki moja tu baada ya kutimiza umri wa miaka 65. Katika uhai wake alitwaa Kombe la Stanley, taji kubwa kuliko yote katika mchezo huo, mara 6. Tuzo ya beki bora wa ligi aliinyakua mara 7. Hata hivyo, wanaoijua vyema historia ya mchezo huo hawamkumbuki kwa vikombe peke yake. Wanamkumbuka pia kama mtu aliyekuwa na kila sababu ya kunyamaza, akachagua kuwasemea wenzake, na akaulipia uamuzi huo kwa miaka mingi.

Kwa wasomaji wengi wa Afrika Mashariki, mpira wa magongo unaofahamika ni ule unaochezwa uwanjani kwenye nyasi. Ule wa barafuni ni ndugu yake mwenye kasi na vishindo zaidi. Kila timu huingiza wachezaji 6, akiwamo kipa, na mchezo hugawanywa katika vipindi 3 vya dakika 20. Badala ya mpira wa duara hutumika kisahani cheusi cha mpira mgumu, chenye uzito wa gramu 170 hivi, ambacho huteleza juu ya barafu kwa mwendo wa kutisha. Wachezaji huvaa viatu vyenye vyuma vikali chini yake, na kanuni zinaruhusu kugongana miili. Ndiyo maana ukingo wa uwanja umezungushiwa ukuta, na mara nyingi ukuta huo ndio unaompokea aliyezidiwa nguvu.

Katika mchezo wa namna hiyo, enzi za ujana wa Harvey, kazi ya beki ilikuwa moja: kuzuia. Beki aliyesifiwa ni yule aliyemkumba mshambuliaji, akambana ukutani, kisha akakibutua kisahani mbali na lango lake. Mashambulizi yalikuwa kazi ya wengine. Harvey ndiye aliyekuja kuibadili dhana hiyo.

Mtoto wa Montreal

Alizaliwa Desemba 19, 1924 na kukulia Notre-Dame-de-Grâce, kitongoji kilichoko magharibi mwa Montreal. Mji huo, ulio mkubwa kuliko yote katika jimbo la Quebec, una wakazi wengi wanaozungumza Kifaransa, ingawa Harvey mwenyewe alitoka katika jamii ya wazungumzaji wa Kiingereza. Tangu utotoni alionekana kuwa na kipaji kisichochagua mchezo. Alicheza mpira wa miguu wa Kikanada, ule wa kukimbia na mpira mkononi, alicheza besiboli, na alipojiunga na Jeshi la Majini la Kanada wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, alipanda ulingoni na kuwa bondia wa uzito wa juu.

Besiboli nusura imchukue moja kwa moja. Wakati wa kiangazi alicheza kwa malipo katika timu ya mji wa Ottawa, na mwaka 1949 aliibuka mpigaji bora wa ligi waliyokuwa wakishiriki. Lakini wakati huo alikuwa amekwishachagua barafu. Mwaka 1947 aliisaidia timu ya Montreal Royals kutwaa Kombe la Allan, ambalo hushindaniwa na timu zilizo nje ya ligi ya kulipwa nchini Kanada. Mwaka huohuo akasajiliwa na Montreal Canadiens, klabu iliyokuwa fahari ya mji wake.

Ligi ya taifa ya mchezo huo, inayojulikana kwa kifupi kama NHL, wakati huo ilikuwa na timu 6 tu: Montreal na Toronto za Kanada, pamoja na Detroit, Chicago, Boston na New York za Marekani. Nafasi za wachezaji katika ligi nzima hazikufika hata 150. Nje ya milango walisubiri vijana wengi katika timu za madaraja ya chini, wakiomba aliyeko ndani ateleze. Hali hiyo ndiyo iliyowapa wenye timu nguvu kubwa dhidi ya wachezaji wao, jambo ambalo lingekuja kumgusa Harvey moja kwa moja.

Mwenda pole barafuni

Mwanzoni, mtindo wake uliwatia watu wasiwasi. Wakati wenzake walipokuwa wakikimbizana kana kwamba wanafukuzwa na simba, Harvey alionekana kama mtu aliyetoka kutembea jioni. Alikichukua kisahani mbele ya lango lake mwenyewe, mahali ambapo kosa moja ni bao, akakituliza kwenye gongo lake na kutazama. Mpinzani alipomjia kwa kasi, alimkwepa kwa hatua moja. Wapo mashabiki waliomwona mvivu, na viongozi wa timu walihofia kwamba siku moja utulivu ule ungewagharimu.

Baada ya misimu kadhaa hofu hiyo ilitoweka. Ilidhihirika kwamba Harvey hakuwa mzito, bali alikuwa akiutawala mwendo wa mchezo. Alipotaka mchezo upoe, aliupooza. Alipoona wapinzani wamesogea mbele kumkaba, alitoa pasi moja ndefu iliyowavuka wote na kumkuta mshambuliaji akiwa amekwishaanza kukimbia. Timu ya Montreal ilikuwa na washambuliaji wenye kasi kubwa, wakiwamo Maurice Richard, Jean Béliveau na Bernard Geoffrion. Harvey ndiye aliyewalisha. Mwenda pole huyu hakujikwaa, na waliokuwa mbele yake wakafika haraka zaidi.

Takwimu zake zinaeleza habari hiyo vizuri. Katika michezo 1,113 ya msimu wa kawaida wa NHL alifunga mabao 88 tu, na hakuna msimu aliovuka mabao 9. Lakini pasi zake zilizozaa mabao zilifika 452. Alikuwa mtu wa kuandaa meza, si wa kukaa kula.

Haikuwa safari isiyo na machungu. Aprili 16, 1954, Montreal ilikutana na Detroit katika mchezo wa 7 na wa mwisho wa fainali ya Kombe la Stanley. Timu zilikuwa zimefungana bao 1-1 na mchezo ukaingia muda wa nyongeza, ambapo bao moja humaliza kila kitu. Tony Leswick wa Detroit alikirusha kisahani kuelekea langoni bila nguvu kubwa. Harvey alinyoosha mkono kukizuia, kikagusa glovu yake, kikabadili mwelekeo na kumpita kipa wake, Gerry McNeil. Kombe likaenda Detroit. Beki mahiri kuliko wote alikuwa ameguswa na bahati mbaya iliyoamua ubingwa wa mwaka mzima.

Majibu yake yalikuja katika misimu iliyofuata. Mwaka 1955 alitwaa kwa mara ya kwanza tuzo ya Norris, ambayo hutolewa kwa beki bora wa ligi. Kuanzia mwaka 1956 hadi 1960, chini ya kocha Toe Blake, Montreal ilitwaa Kombe la Stanley mara 5 mfululizo. Hadi leo hakuna timu nyingine iliyofikia rekodi hiyo. Ukijumlisha na ubingwa wa mwaka 1953, Harvey alikuwa na vikombe 6.

Ubora wa timu hiyo ulifikia hatua ya kubadili kanuni za mchezo. Mchezaji anayefanya kosa dogo hutolewa nje kwa dakika 2, na timu yake hucheza ikiwa pungufu. Zamani adhabu hiyo ilitumikiwa yote, hata kama wapinzani wangefunga mabao mangapi. Montreal, ikiwa na Harvey nyuma akigawa pasi, iliigeuza nafasi hiyo kuwa machinjio. Novemba 5, 1955, Béliveau alifunga mabao 3 katika sekunde 44 dhidi ya Boston iliyokuwa pungufu. Kuanzia msimu wa 1956/57 ligi ilibadili kanuni: timu pungufu ikifungwa bao moja, mchezaji aliyeadhibiwa kwa kosa dogo huruhusiwa kurejea uwanjani. Kanuni hiyo ndiyo inayotumika hata sasa.

Chama kilichozimwa

Pamoja na utukufu huo, hali ya wachezaji nje ya barafu haikuwa ya kujivunia. Mchezaji aliyetia saini mkataba alikuwa kama mali ya klabu. Hakuwa na haki ya kuhama kwa hiari yake, lakini klabu ingeweza kumpeleka popote, wakati wowote, bila kumuuliza. Mishahara ilikuwa siri, na kila mmoja alikwenda peke yake mbele ya meneja kuomba nyongeza. Wengi wao walitafuta vibarua wakati wa kiangazi ili familia zao ziweze kuishi hadi msimu uanze.

Kulikuwa pia na mfuko wa pensheni ulioanzishwa mwaka 1947. Kila mchezaji alikatwa dola 900 kwa mwaka, fedha nyingi kwa mishahara ya wakati ule. Ted Lindsay, mshambuliaji na nyota wa Detroit, alikuwa mwakilishi wa wachezaji katika usimamizi wa mfuko huo, na Harvey vilevile. Walipohoji hesabu zake zilivyo, hawakupewa majibu ya kuridhisha. Aidha, mapato ya televisheni yalikuwa yameanza kuingia, na wachezaji hawakujua ni kiasi gani wala kilikwenda wapi.

Lindsay na Harvey walikuwa mahasimu wa kweli barafuni. Detroit na Montreal zilichukiana, na wachezaji wa timu pinzani katika enzi hizo hawakuwa na mazoea ya kuzungumza. Lakini katika suala hili wawili hao walielewana. Februari 1957 walitangaza kuundwa kwa chama cha wachezaji wa NHL, Lindsay akiwa rais na Harvey makamu wake. Karibu kila mchezaji wa ligi alijiunga, na kila mmoja alitoa ada ya dola 100.

Hapa ndipo inapofaa kutafakari nafasi ya Harvey. Yeye hakuwa mnyonge. Alikuwa beki bora wa ligi, bingwa mtetezi, mtu ambaye klabu yake isingethubutu kumnyima mkate. Aliyekuwa akihitaji chama ni yule mchezaji wa benchi, aliyeishi kwa hofu ya kurudishwa daraja la chini akiumia goti. Harvey angeweza kukaa kimya na kuendelea kukusanya vikombe. Hakufanya hivyo.

Wenye timu walijibu kwa hasira. Baadhi yao waliwaita viongozi wa chama wasaliti wa mchezo uliowalisha. Katika kiangazi cha mwaka 1957, Lindsay aliondolewa Detroit, alikokuwa amecheza tangu mwaka 1944, na kupelekwa Chicago, timu iliyokuwa ikiburuta mkia. Detroit ilikuwa chini ya Bruce Norris, na Chicago ilikuwa chini ya kaka yake, James Norris. Hivyo uhamisho huo ulifanyika kati ya ndugu wawili. Jim Thomson, beki wa Toronto aliyekuwa pia miongoni mwa viongozi wa chama, naye alitupwa hukohuko Chicago. Ikumbukwe kwamba tuzo ya Norris, ile ambayo Harvey aliizoea kuipokea, imepewa jina la baba wa ndugu hao.

Chama kilifungua kesi mahakamani, kikidai kwamba wenye timu walikuwa wamehodhi biashara ya mchezo huo kinyume cha sheria. Lakini umoja ulianza kumeguka. Novemba 1957 wachezaji wa Detroit, timu ya zamani ya Lindsay, walijitoa. Wengine wakafuata mkondo. Februari 1958 yalifikiwa makubaliano nje ya mahakama: kima cha chini cha mshahara kikawa dola 7,000 kwa mwaka, na mchango wa wenye timu katika pensheni ukaongezwa. Chama chenyewe kikafa. Wachezaji walipata sehemu ya walichodai, na wenye timu wakabaki na mamlaka yao.

Viongozi wengine waliadhibiwa mara moja. Harvey hakuguswa. Sababu ilikuwa wazi: Montreal ilikuwa katikati ya mfululizo wa ubingwa, na bila yeye mfululizo huo ungekatika. Alitwaa tuzo ya Norris mwaka 1957, akaitwaa tena mwaka 1958. Mwaka 1959 ilikwenda kwa mwenzake wa timuni, Tom Johnson, kisha ikarejea kwake mwaka 1960. Ilionekana kana kwamba yaliyopita yamesahauliwa.

Mlango wa nyumbani wafungwa

Mwaka 1960 Maurice Richard alistaafu, na wachezaji wenzake wakamchagua Harvey kuwa nahodha. Mtoto wa Notre-Dame-de-Grâce sasa aliongoza timu ya mji wake. Msimu huo Montreal ilimaliza kileleni mwa ligi, lakini ikabwagwa na Chicago katika nusu fainali ya kombe. Harvey alipata tuzo yake ya 6 ya beki bora.

Kisha, Juni 1961, klabu ikamwachia aende New York Rangers, na yenyewe ikamchukua beki Lou Fontinato. Maelezo yaliyotolewa yalikuwa ya kawaida: alikuwa na umri wa miaka 36, Montreal ilihitaji damu changa, na New York ilimtaka awe kocha mchezaji. Wengi hawakuridhika na maelezo hayo. Timu chache huruhusu beki bora wa ligi, tena nahodha wake, aondoke akiwa bado na tuzo mkononi. Harvey mwenyewe aliamini kwamba deni la mwaka 1957 ndilo lililokuwa likidaiwa, na kwamba klabu ilisubiri tu ushindi upungue ndipo imkabidhi hesabu yake.

Alikwenda New York na kuonesha walichokitupa. Msimu wa 1961/62 alifanya kazi mbili kwa pamoja, kocha na mchezaji. Rangers, ambao hawakuwa wamefika hatua ya mtoano tangu mwaka 1958, walifika. Harvey akatwaa tuzo ya Norris kwa mara ya 7. Kwa kipindi cha misimu 11 mfululizo, kuanzia 1951/52, jina lake halikukosekana katika orodha ya nyota wa ligi, mara 10 katika kikosi cha kwanza na mara moja katika kikosi cha pili.

Baada ya msimu huo mmoja aliacha ukocha. Hakuupenda umbali uliojitokeza kati yake na wachezaji. Alizoea kukaa nao, kucheka nao na kunywa nao, na cheo kilimweka upande wa pili wa meza, upande uleule wa watu waliowahi kukivunja chama chake. Akabaki mchezaji wa kawaida hadi Novemba 1963, Rangers walipomwacha.

Ilifuata safari ndefu. Alizunguka katika timu za madaraja ya chini, zikiwamo za St. Paul, Quebec, Baltimore na Pittsburgh, akisafiri na vijana ambao walikuwa watoto wadogo wakati yeye akinyanyua kombe. Watu wa umri wake walikuwa wamekwishatundika viatu. Yeye aliendelea, kwa sababu mchezo ndio kazi aliyoijua na ndio aliyoipenda.

Mwaka 1967 NHL iliongeza timu kutoka 6 hadi 12. Miongoni mwa timu mpya ilikuwa St. Louis Blues, iliyonolewa na Scotty Bowman, kijana mwingine wa Montreal. Wakati wa mtoano wa mwaka 1968, Bowman alimpandisha Harvey kutoka timu ndogo ya Kansas City. Alikuwa na miaka 43. St. Louis ikafika fainali, na mpinzani akawa Montreal Canadiens. Mzee huyo akasimama tena barafuni dhidi ya jezi aliyoivaa kwa miaka 14. Montreal ilishinda michezo yote 4, lakini kila mmoja kwa tofauti ya bao moja tu. Alicheza msimu mmoja zaidi, kisha mwaka 1969 akastaafu akiwa na umri wa miaka 44.

Behewa kando ya mbio za farasi

Maisha baada ya mchezo hayakumwendea vyema. Pombe, ambayo tangu zamani ilikuwa sehemu ya urafiki na ukarimu wake, ilimtawala. Baadaye familia yake ilieleza kwamba alisumbuliwa pia na maradhi ya akili yanayomfanya mtu ayumbe kati ya furaha iliyopitiliza na huzuni nzito. Katika enzi zake maradhi hayo hayakuzungumzwa hadharani, seuze katika vyumba vya wanamichezo, na mtu aliyeumwa alihesabiwa kuwa mlevi tu.

Mwaka 1972 wengi walitarajia angeingizwa katika Ukumbi wa Mashujaa wa mchezo huo mjini Toronto. Hakuingizwa. Ilielezwa kwamba baadhi ya wahusika hawakupendezwa na mwenendo wake wa ulevi. Harvey aliona unafiki katika hilo, kwani si yeye pekee aliyekunywa. Mwaka uliofuata walipomkubali, hakwenda kwenye sherehe. Siku hiyo alipendelea kwenda kuvua samaki.

Kwa muda aliishi peke yake ndani ya behewa la treni lililoegeshwa kwenye uwanja wa mbio za farasi huko Aylmer, Quebec, alikokuwa akifanya kazi. Behewa hilo lilisemekana kuwa liliwahi kutumiwa na Waziri Mkuu wa zamani wa Kanada, John Diefenbaker, katika safari zake za kampeni. Wapo waliomhurumia. Waliomtembelea walieleza kwamba hakuwa mtu wa kulalamika, na kwamba mara kwa mara alitoa alichokuwa nacho kwa waliokuwa na hali mbaya kuliko yeye.

Hatimaye mwaka 1985 klabu ya Montreal ilimwita nyumbani. Ilimpa kazi ya kusaka vipaji, na Oktoba 26 mwaka huo ikaistaafisha jezi yake namba 2, maana yake hakuna mchezaji mwingine wa Canadiens atakayeivaa. Ilikuwa imepita miaka 24 tangu alipoondolewa. Umati ulisimama na kumshangilia. Miaka minne baadaye ini lake, lililoharibiwa na pombe, lilishindwa, na akafariki dunia katika hospitali ya mji alikozaliwa.

Yaliyobaki

Kuna mambo ambayo Harvey hakuyaona. Mwaka 1967 wachezaji walikuwa wameunda chama kingine, na hicho kikadumu. Miaka ya 1990, wachezaji wastaafu waliishitaki ligi nchini Kanada kuhusu fedha za pensheni. Mahakama ya Ontario iliamua mwaka 1992 kwamba fedha zilizozidi katika mfuko zilikuwa haki ya wachezaji, na mwaka 1994 Mahakama Kuu Kabisa ya Kanada ikakataa kusikiliza rufaa ya ligi. Wastaafu wakalipwa mamilioni ya dola. Swali walilouliza Lindsay na Harvey kuhusu mfuko huo lilikuwa limepata jibu, takriban miaka 40 baadaye.

Lindsay, aliyeishi hadi mwaka 2019, aliziona heshima zake. Tangu mwaka 2010 tuzo ambayo wachezaji humpigia kura mwenzao bora inaitwa kwa jina lake. Kwa upande wa Harvey, mwaka 1998 jarida mashuhuri la mchezo huo lilimweka nafasi ya 6 katika orodha ya wachezaji 100 bora wa wakati wote wa NHL, na miongoni mwa mabeki alitanguliwa na Bobby Orr pekee. Katika kitongoji alikokulia kuna uwanja wa barafu wenye jina lake, ambako watoto hujifunza kuteleza.

Beki wa siku hizi anayekituliza kisahani mbele ya lango lake, akainua kichwa na kutafuta pasi badala ya kubutua, anacheza mchezo ambao Harvey aliufundisha. Na mchezaji wa siku hizi anayetia saini mkataba akiwa na chama nyuma yake, akijua mwenzake analipwa kiasi gani, anafaidi jambo ambalo Harvey alilianzisha na kuliona likizimwa. Mji wake ulimtunza, ingawa ulichelewa. Wachezaji wenzake, wengi wao wakiwa hawakuwahi kumwona akicheza, ndio waliobaki na urithi mkubwa zaidi.